Sentensi Iliyo Mfukoni

Mabibi na mabwana, wapiga picha wenzangu, habari za jioni.

Hali hii nadhani imeshamkuta kila aliyeketi humu. Umeamka gizani, ukafika ukingoni mwa ziwa kabla ya jua. Maji yametulia tuli, mlima wa ng'ambo umesimama kichwa chini ndani yake, rangi zimetanda hadi baridi umeisahau. Ukapiga picha, tena nyingi. Kufika nyumbani, kufungua, kilichomo ni utepe wa kijivu uliobanwa kati ya anga jeupe na maji meusi. Mlima umegeuka kichuguu. Unamwonyesha mtu, naye kwa upole anakuambia, "Pazuri hapo." Amesifu mahali. Picha hakuigusa.

Mazungumzo yangu ya leo yanahusu lile pengo lililopo kati ya ulichokiona na kilichomo kwenye picha. Ushauri wa kamera sikuja nao. Niliwahi kuamini kwamba pengo hilo linazibwa na kifaa, nikanunua kifaa, nikapata pengo lile lile, safari hii lenye megapikseli nyingi zaidi.

Kwanza tujue linatoka wapi. Macho yetu hayalitazami ziwa kwa mkupuo mmoja. Yanatua mlimani, yanashuka majini, yanapanda kwenye wingu, yanarudi. Kila yanapotua, mboni inajirekebisha kulingana na mwanga wa hapo, na ubongo unaunga vipande vyote kuwa kitu kimoja. Tena ubongo una upendeleo: ukikipenda kitu hukikuza, usichokipenda hukifuta. Lenzi haimjui mpendwa wako. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, inabeba eneo kubwa kuliko lile ulilokuwa umelikazia macho, kwa hiyo mlima unapewa kisehemu chake na matope yaliyo mbele ya viatu vyako yanapewa nusu ya picha. Mwanga nao ni hivyo hivyo. Kamera ikilifuata anga, ufuo unazama gizani. Ikiufuata ufuo, anga linaungua, yaani linageuka jeupe tupu. Simu za siku hizi hupiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha ili kuokoa pande zote mbili, lakini zina tabia yake: zinapenda kuangaza kila kitu. Alfajiri yako inarudi nyumbani ikiwa saa nne asubuhi. Ukigusa kioo pale penye anga kisha ukateremsha mwanga kwa kidole kabla ya kupiga, umejipunguzia kazi nyingi ya baadaye.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe, na hapa mnivumilie, nitakaa kidogo.

Ziwa likitulia huwa limeazima karibu kila kitu tunachokwenda kukipiga picha: rangi ni ya anga, umbo ni la miti, mng'ao ni wa wingu. Na kiasi linachoazima kinategemea unalitazama kwa pembe gani. Ukiyatazama maji wima, pale chini ya vidole vya miguu yako, yanarudisha takriban asilimia 2 tu ya mwanga unaoyapiga. Uliobaki unazama, ndiyo maana unayaona mawe ya chini. Inua macho polepole kuelekea ng'ambo. Maji yale yale yanaanza kuwa kioo, na yakikaribia upeo yanarudisha sehemu kubwa ya mwanga. Kwa hiyo kimo unachoshikia kamera ni uamuzi mzito. Mtu aliyesimama wima anapata maji mengi ya karibu, yenye giza na mawe. Akiishusha kamera hadi kiganja kimoja juu ya maji, sehemu kubwa ya maji hayo inageuka kioo.

Kuna jambo jingine ambalo mimi lilinichukua miaka kulitambua. Taswira iliyo majini haifanani kabisa na kitu chenyewe. Maji yanakuonyesha kitu jinsi kingeonekana na jicho lililozama chini ya maji kwa kina sawa na kimo chako juu yake. Ndiyo maana ukiwa juu ya jiwe refu, jahazi lililo karibu linaonyesha ubavu wake kwa juu na tumbo lake kwa chini, na kilima kilicho nyuma ya miti kinaweza kutokeza vizuri hewani huku majini kimemezwa na miti. Ukishuka, jicho la juu na jicho la chini yanakaribiana, na nusu mbili za picha zinaanza kupatana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka cha ziwani avae na buti za mpira.

Niseme neno juu ya filta ya polaraiza, maana wengi huinunua kwa ajili ya ziwa kisha ikawaharibia ziwa. Filta hiyo hukata mwanga uliorudishwa na maji, na makali yake yako pale unapoyatazama maji kwa pembe ya nyuzi 37 hivi kutoka usawa wake. Ukitaka mawe yaonekane chini ya maji, ni rafiki mkubwa. Ukiwa umefuata taswira ya mlima, umelipia kifaa cha kuifuta. Izungushe polepole huku ukiangalia kinachotokea, usiifunge tu na kuisahau.

Kioo chenyewe kinavunjwa na upepo mdogo kuliko ule unaousikia shavuni. Alfajiri huwa na utulivu kwa sababu usiku ardhi imepoa na hewa iliyo juu yake imelala. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupaa, na hewa ya ziwani huja kujaza nafasi. Upepo huo ukishaanza, taswira ya mlima imekwenda zake. Wapo wanaoweka filta ya giza ya hatua 10, inayopunguza mwanga mara 1,000 hivi, wakageuza picha ya sekunde 1/60 kuwa ya sekunde 17, mawimbi yakafutika. Ni ufundi halali, na wakati mwingine unapendeza. Ila siku hizi umetumika mno, na ziwa likilainishwa kupita kiasi huwa kweli limegeuka maziwa, kwa maana ile nyingine ya neno. Mimi upepo ukija hugeukia mawimbi yenyewe: yanavyorefusha mwanga wa jua kuwa njia inayokuja hadi miguuni pako, yanavyopasua rangi ya mti kuwa vipande. Ziwa lenye mikunjo nalo ni ziwa.

Sasa mazoezi.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba piga picha nyingi, utajifunza tu. Nimepiga maelfu kwa ushauri huo na nilichojifunza ni kujaza kadi ya kumbukumbu. Kinachofundisha ni kurudi. Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa, alichora bwawa la maua la bustani yake kule Giverny kwa takriban miaka 30 ya mwisho ya uhai wake, michoro ipatayo 250. Bwawa moja, tena la kuchimbwa. Sisi kila mwisho wa wiki tunatafuta ziwa jipya, tukidhani bahati imejificha huko.

Chagueni sehemu moja ya ufuo, jiwe moja ikiwezekana, mwende mara kumi. Mara ya kwanza utapiga picha anayoipiga kila apitaye. Mara ya tatu utachoka. Usiondoke. Ukifika mara ya tano au ya sita utaanza kuona kwamba jua halichomozi pale lilipochomoza mwezi uliopita, kwamba maji yameshuka na jiwe lina mstari mweupe kiunoni, kwamba ukungu hupenda asubuhi ambazo hewa imepoa sana kuliko maji na anga la usiku lilikuwa wazi. Hapo umeanza kutabiri, na mpiga picha anayetabiri hufika mahali mapema akatega stendi yake akingoja. Mwanga wenyewe hausubiri. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, na kutoka kuzama kwake hadi kufikia nyuzi 6 chini ya upeo ni dakika 20 na kitu. Kwenye nchi za kaskazini wakati wa kiangazi kipindi hicho hicho kinaweza kuvuta saa nzima na zaidi. Jueni cha kwenu ni cha namna gani, maana aliyezoea kimoja hushikwa vibaya na kingine.

Na mwende na kijidaftari. Kabla ya kuitoa kamera kwenye begi, andika sentensi moja: ni kitu gani kimenisimamisha hapa? Nimesema sentensi. "Ziwa zuri" haitoshi.

Asubuhi moja niliandika hivi: "Ukungu umekata mtumbwi katikati, nusu ya chini haipo." Nikafurahi na sentensi yangu. Kisha nikainua kamera nikapiga mlima, miti, wingu, ufuo, na huo mtumbwi ukiwa mdogo kama punje ya mchele pembeni. Nilikuja kuisoma sentensi ile jioni, picha ikiwa mbele yangu, nikacheka peke yangu. Macho yalijua, mkono haukusikiliza. Laiti ningevuta kwa lenzi ndefu, au ningetembea hatua 50 tu kufuata ufuo. Tangu siku ile nimeandika sentensi kama hizo kila niendapo, na kusema kweli daftari limenifundisha kuliko kamera, kwa sababu bila sentensi huna cha kulinganisha na picha. Unabaki kusema tu kwamba haikutoka vizuri.

Kabla sijaliacha suala la ufuoni, kuna kosa ambalo naliona karibu kwenye kila picha ya ziwa ya mtu anayeanza, nami nililifanya kwa ujasiri mkubwa: ziwa linalomwagika upande mmoja. Tunajua kunyoosha upeo. Lakini kwenye maziwa mengi huoni upeo wa kweli, unaona ufuo wa ng'ambo, na ufuo huo mara nyingi unakwenda mbali nawe kwa mshazari. Ufuo unaorudi nyuma huonekana umeinama hata kamera ikiwa imenyooka sawasawa. Ukiunyoosha huo, umelipindua ziwa. Maji yenyewe yanakupa timazi ya bure: kila kitu na taswira yake vipo kwenye mstari mmoja wa wima. Tafuta kilele cha mti ulio karibu na katikati ya picha, kitafute majini, unganisha. Mstari ukisimama wima, ziwa limetulia. Tangu nijue hili siangalii tena ufuo.

Kuhariri.

Watu hugawanyika hapa. Wapo wanaosema picha ikishaguswa si ya kweli. Nawaheshimu, lakini historia haiwaungi mkono. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha za bahari akakutana na shida ile ile yetu: dawa za wakati ule zilihisi zaidi mwanga wa buluu, kwa hiyo ukipata maji, anga linaungua. Akapiga negativu, ile picha ya awali ambayo mwanga na giza vimebadilishana nafasi, moja ya anga na nyingine ya bahari, akaziunga kwenye mstari wa upeo. Kile simu yako inachofanya kimyakimya ndani ya sekunde moja, yeye alikifanya kwa vioo na kemikali. Na Ansel Adams wa Marekani, aliyesomea piano kabla ya kujitoa kwa kamera, aliifananisha negativu na maandishi ya muziki, na picha iliyosafishwa na onyesho lake. Maandishi ni yale yale, ila kila onyesho lina mpigaji wake.

Swali ninalojiuliza nikikaa mbele ya kompyuta ni: je, ninakaribia sentensi yangu au ninaikimbia? Ndiyo maana daftari hukaa kando ya kipanya. Nikiandika "ukungu umekata mtumbwi", basi kukata picha nibaki na mtumbwi ni uaminifu, na kuzidisha rangi ya anga ni kelele.

Kama kamera yako inaruhusu faili ghafi (RAW), yaani picha kabla kamera haijaichakata na kuibana, zitumie. Picha ya JPEG, ile ya kawaida iliyokwisha kubanwa, ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384. Utaona tofauti siku utakapojaribu kuufufua ufuo uliozama gizani: kwenye JPEG unafufuka na mabaka. Ila kilichoungua kabisa hakifufuki hata kwenye faili ghafi, kwa hiyo mkiwa ufuoni lindeni mawingu kwanza.

Kwenye programu yenyewe, fuateni mpangilio wowote mnaoupenda. Nitataja tu mitego ya ziwa. Taswira ya majini huwa na giza kidogo kuliko anga lenyewe. Ukiyaangaza maji yakalishinda anga, mtazamaji hatajua kilichoharibika, ila atasita. Ukilipaka anga rangi ya machungwa, kumbuka maji yaliliazima, nayo yaguse. Vidoa vya vumbi la kamera hutokea angani bila kuwa na mwenzao majini, kwa hiyo hivyo ni rahisi kuvitambua na kuvifuta. Rangi ikikolea hadi ukajipongeza, irudishe nyuma kidogo, lala, uitazame kesho. Macho yaliyokaa saa mbili mbele ya rangi yameshalewa.

Na ukifuta kitu, futa na pacha wake. Hili nalisema kwa uchungu. Nilikuwa na picha niliyoipenda sana, kasoro nguzo moja ya gati bovu iliyosimama peke yake majini. Nikaifuta. Nikafanya kazi safi, anga likaziba bila mshono. Nikaichapa kubwa, nikaitundika kwenye maonyesho madogo ya wanachama, watu wakapita wakisifu. Saa nzima baadaye mtoto wa miaka kama minane akamvuta mamaye nguo: "Mama, ile fimbo ya kwenye maji inatoka wapi?" Nguzo ilikuwa imeondoka. Taswira yake ilikuwa bado imelala ziwani, ndefu, nyeusi, ikinitazama. Watu wazima wote wale, nami mwenyewe niliyeitazama kwa siku tatu, hatukuiona.

Mtoto yule ndiye anayenileta kwenye maoni ya watu.

Nyani haoni kundule. Picha yako mwenyewe huioni, kwa sababu unapoitazama unakumbuka baridi, unakumbuka ndege aliyelia, na kumbukumbu hizo zinajaza pengo ambalo mwingine analiona wazi. Kwa hiyo unahitaji macho ya mtu ambaye hakuwepo. Shida ni kwamba tunauliza vibaya. "Vipi, imetoka poa?" Hapo umeomba sifa, na mtu mwenye adabu atakupa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mpiga picha akisifiwa hulitia ziwa rangi. Picha inayofuata itakuwa na machungwa zaidi, kwa sababu machungwa ndiyo yaliyopigiwa makofi.

Mimi huwaomba watu jambo moja. Nawapa picha bila maelezo, bila kusema ni wapi wala niliamka saa ngapi, kisha nauliza: jicho lako limetua wapi kwanza, na baada ya hapo likaenda wapi? Basi. Mtu yeyote anaweza kujibu, hahitaji kujua tundu la lenzi ni nini. Mama yangu, ambaye kamera haijui, nilimwonyesha picha ya machweo niliyoihangaikia wiki nzima. Aliitazama kwa utulivu, akanyoosha kidole kwenye kona ya chini. "Na huu mfuko je?" Mfuko mweupe wa plastiki, umekwama kwenye matete. Nilikuwa nimeuona siku zote bila kuuona. Ndicho kitu cheupe kuliko vyote katika nusu nzima ya chini, na jicho la binadamu hukimbilia weupe penye giza.

Nanyi mnaotoa maoni, tafadhali, msimwambie mwenzenu "ningekuwa mimi ningepiga kule". Hamkuwa kule. Mwambieni mlichokiona. "Nilianzia kwenye jiwe, nikaenda kushoto, nikatoka nje ya picha." Maneno hayo ana la kufanya nayo. Naye akijitetea, akaanza kueleza kwamba jua lilikuwa upande ule na muda ulikuwa mfupi, mnyamazisheni kwa upendo. Picha itatundikwa ukutani bila yeye kusimama kando yake kuieleza.

Nisiwachoshe zaidi. Mwenzetu wa kule nyuma, tuzimie taa za mbele, tafadhali. Asante.

Hii mnayoiona ni ya juzi alfajiri. Ni jiwe lile lile langu, mara ya 23. Sijaikata wala kuikoleza, nimeinyoosha tu kwa kufuata ule mti wa katikati. Sentensi yake nimeiandika kwenye karatasi, karatasi imo mfukoni, na siitoi hadi wote mmeshasema. Dada wa mstari wa pili, tuanze na wewe: jicho lako limetua wapi kwanza?